Panya, Papa, Kaa au Mbwa: Uanze na Riwaya Ipi ya Mnyama Muuaji?

Mpwa wangu anasoma chuo hapa Mtwara mjini. Juzi alinipigia simu akiwa amesimama mbele ya meza ya muuza vitabu vya mitumba. Mkononi alikuwa na vitabu vinne, na pesa aliyokuwa nayo ilitosha kimoja. "Mjomba, nichukue kipi?"

Vyote vinne ni riwaya pendwa za kutisha, zile za majalada ya kung'aa yenye meno na damu, na katika kila kimoja muuaji ni mnyama. Cha kwanza ni *The Rats* cha James Herbert, cha panya, kilichotoka Uingereza mwaka 1974. Cha pili ni *Jaws* cha Peter Benchley, cha papa, kilichotoka Marekani mwaka huohuo. Cha tatu ni *Night of the Crabs* cha Guy N. Smith, cha kaa, cha Uingereza tena, mwaka 1976. Cha nne ni *Cujo* cha Stephen King, cha mbwa, cha Marekani, mwaka 1981. Vyote nimevisoma, viwili kati yake zaidi ya mara moja, na bado sikuweza kumtajia kimoja nikakata simu. Hadithi hizi zinafanana kwa jalada tu. Ukizifungua, kila moja inakushika mahali pengine.

Nilimwambia ajiulize maswali manne. Mnyama mwenyewe anaaminika, na ana sababu ya kuua? Nani alimwachia mlango wazi? Kuna kiasi gani cha damu, na cha mambo ya chumbani? Na Kiingereza chake kikoje, na kitabu kina unene gani? Hapa navipima vinne vyote kwa maswali hayohayo. Mawili ya kwanza nitakaa nayo zaidi, maana ndiyo yenye uzito.

Kwa nini naanza na sababu ya mnyama

Nimekulia kijijini, mkoa wa Lindi. Mahindi yakikaribia kukomaa tulikuwa tunalala shambani, juu ya dungu, kuwafukuza nguruwe pori. Mjomba alikuwa analala upande wa ngazi, sisi watoto tunalala nyuma yake. Usiku hakumtaja simba kwa jina, alisema "yule" tu, na sote tulijua ni nani.

Hatukuwa tunaogopa bure. Watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2005 walihesabu kwamba kuanzia 1990 simba walikuwa wameua watu zaidi ya 560 Tanzania, na wilaya za kusini, Lindi na Mtwara, zilikuwa miongoni mwa zilizoumia zaidi. Sababu waliyoiona iko palepale tulipokuwa tumelala. Nguruwe pori wanafuata mahindi, simba wanawafuata nguruwe, na mtu amejilaza katikati. Mwaka 2011 wakaongeza jambo lingine: mashambulizi huzidi siku zinazofuata mwezi mpevu, saa za mwanzo za usiku. Mwangaza wa mbalamwezi humnyima simba mawindo, analala njaa. Kisha mwezi unaanza kuchelewa kuchomoza, giza linarudi mapema, na yeye anatoka na njaa ya siku kadhaa.

Lakini kijijini, mtu akichukuliwa, swali la kwanza halikuwa la njaa. Watu waliulizana kwa sauti ya chini: "Nani kamtuma?" Simba wa kutumwa, simba wa mkono wa mtu. Majirani waliacha kusalimiana kwa swali hilo.

Tangu hapo kila hadithi ya mnyama muuaji naipima hivi: huyu ametumwa, au ana njaa? Waandishi hawa wanne wamejibu kila mmoja kwa namna yake.

Mnyama mwenyewe

Panya wa Herbert ni weusi, wakubwa kupita panya wowote wa London, na hawaji mmoja mmoja. Hata ukiponyoka kwenye meno yao, jeraha dogo tu linatosha, maana ugonjwa wanaouacha unaua ndani ya siku moja. Asili yao inafungamana na mionzi ya majaribio ya nyuklia na mtu aliyeleta mjini kitu ambacho hakikupaswa kufika. Kwa hiyo hapa mkono wa mtu upo, ingawa si wa mchawi.

Kwa msomaji wa Kusini kitabu hiki kina uchungu wa pekee ambao Mwingereza hawezi kuupata. Wengi wetu tumekua tukichimba mashimo ya panya baada ya mavuno, tukiwabanika na kuwakausha. Samaki nchanga, ndivyo tunavyowaita panya hao, ni kitoweo, na ni kitoweo kizuri. Kwa msomaji wa London panya ni uchafu tangu ukurasa wa kwanza. Kwako wewe ni chakula kilichosimama, kikakutazama, kikaanza kukufuata. Sijui hofu nyingine ya kitabuni iliyonigeuzia meza kiasi hicho.

Papa wa Benchley ni mmoja tu, papa mweupe, na hana asili ya ajabu. Anakula. Benchley alivutwa na habari ya mvuvi aliyemnasa papa mweupe wa zaidi ya kilo 2,000 karibu na Long Island mwaka 1964, akajiuliza ingekuwaje samaki wa namna hiyo akija kwenye ufuko wa watalii asiondoke. Mji wa Amity aliutunga, bahari ni ya kweli. Kinachopungua ni hicho cha kutoondoka: papa wa kitabuni anang'ang'ania ufuko mmoja kama mwenye kisasi, na papa wa kweli hana tabia hiyo. Benchley mwenyewe aliliona. Miaka yake ya mwisho, hadi alipofariki mwaka 2006, aliitumia kutetea papa, na alisema wazi kwamba kwa aliyoyajua baadaye asingeweza kukiandika kitabu kile tena. Ukisoma ukiwa kwenye fukwe zetu za Mtwara, Shangani au Msimbati, kumbuka pia kwamba baharini kwetu aliyejeruhi watu na kuharibu miamba ni mvuvi mwenye baruti. Papa tunamjua zaidi akiwa amekaushwa sokoni.

Kaa wa Smith wana ukubwa wa mifugo na risasi haziwapenyi. Hawaaminiki hata kidogo, na mwandishi hajisumbui kukushawishi. Anachokupa ni mlio. Kabla hujamwona kaa unasikia magando yakigongana gizani, kwenye mchanga, na mlio unaongezeka. Kama umewahi kupita kando ya mikoko ya Mikindani jioni maji yametoka, ukasikia matope yale yakitoa vimlio vidogo kila upande na huoni kinachovitoa, basi kitabu hiki kitakuwa kimeanza kabla hujakifungua. Wahenga walisema kaa akiinua gando, mambo yamekatika. Smith alifika palepale kwa hadithi ya pwani ya Wales.

Mbwa wa King ndiye anayeaminika kuliko wote, na kwangu ndiye anayeumiza kuliko wote. Cujo ni mbwa mkubwa mpole, rafiki wa mtoto wa mwenye nyumba. Anamfukuza sungura, anaingiza kichwa kwenye tundu lenye popo, anaumwa puani. Basi. Baada ya hapo ni kichaa cha mbwa kikifanya kazi yake siku baada ya siku, na King anathubutu kukuingiza ndani ya kichwa cha mbwa. Unamsikia akichanganyikiwa, sauti za watu aliowapenda zikimuuma masikioni, naye bado anataka kuwa mbwa mwema. Kwa kipimo changu, huyu hakutumwa na wala hana njaa. Ni mgonjwa. Nilipofika hapo niliacha kumwogopa nikaanza kumhurumia, na huruma haikupunguza hofu hata chembe.

Nani aliacha mlango wazi

Hapa ndipo riwaya hizi zinapopata nguvu ambayo wasiozisoma hawaijui. Wanadhani ni meno tu. Katika kila moja kuna mtu aliyejua, au aliyepaswa kujua, akanyamaza.

*Jaws* inaongoza kwa hili. Mkuu wa polisi, Brody, anataka kufunga ufuko baada ya kifo cha kwanza. Meya na wafanyabiashara wanakataa. Sababu yao inaeleweka kabisa, na hapo ndipo kitabu kinapopata ukali wake: Amity inaishi kwa msimu mmoja wa kiangazi. Wageni wasipokuja sikukuu ya uhuru wa Marekani, tarehe 4 Julai, mji mzima utashinda njaa hadi mwaka unaofuata. Na kitabuni meya ana deni kwa watu wabaya, jambo ambalo filamu ya 1975 haikulichukua.

Mtu wa Mtwara hahitaji kuelezwa hayo. Tunajua maana ya mji unaosubiri minada ya korosho: ada ya shule, bati, harusi na deni la dukani, vyote vimewekwa mpaka Oktoba. Mtu akija na habari mbaya katikati ya msimu, hata ikiwa ya kweli, uso wake unachukiza. Nimeshiriki mikutano ya namna hiyo na nimeona mwenye kusema kweli akiombwa akae chini. Kwa sababu hiyo meya wa Amity sikuweza kumchukia kirahisi, na nadhani Benchley hakutaka nimchukie kirahisi. Papa yuko majini akifanya kazi moja. Kinachotisha ni kile kikao.

Herbert anaelekeza kidole kwingine. Alizaliwa mashariki mwa London, sehemu ya makabwela, na panya wake wanaanzia huko: kwenye nyumba zilizotelekezwa, uchafu usiozolewa, watu ambao hakuna afisa anayewaulizia. Kuna mbinu anairudia ambayo wapo wanaoiona rahisi, mimi naiheshimu. Anamleta mtu mpya, anakueleza maisha yake kwa kurasa chache, aibu zake, mapenzi yaliyomwendea kombo, alivyofika hapo alipo. Unaanza kumzoea. Ndipo panya wanakuja. Kwenye gazeti mtu huyo angekuwa namba. Herbert amekataa awe namba. Tulipokuwa tukisikia redioni "watu wawili wameuawa na simba", pale kijijini tulikuwa tunajua huyo mmoja alikuwa anacheka vipi. Hicho ndicho kitabu hiki kinachokifanya, katikati ya damu yote ile.

Katika *Cujo* mlango umeachwa na mambo madogo madogo. Mwenye mbwa hakumpeleka kuchanjwa. Gari la mama mmoja wa familia nyingine lina hitilafu ndogo iliyoahirishwa. Mume wake yuko safarini. Kila jambo peke yake halina uzito, yakikutana yanamfungia mama na mtoto wake wa miaka minne ndani ya gari bovu, juani, na mbwa nje. Ninaposoma sehemu ile ya chanjo nafikiria kampeni za kuchanja mbwa zilizopita vijijini kwetu Lindi na Mtwara, na wale waliosema mbwa wao hana haja, halali nje. Na hili niliseme waziwazi kwa kuwa kitabu hakikufundishi: ukiumwa na mbwa, hata unayemjua, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha uende hospitali siku hiyohiyo kwa chanjo. Dalili zikishaanza, tiba ni kama haipo.

Smith hakai sana kwenye lawama. Profesa Davenport anaenda Wales kumtafuta mpwa wake aliyetoweka ufukoni na mchumba wake, anaona alama kwenye mchanga, na inamchukua muda kuwafanya wenye mamlaka waamini. Wakishaamini, ni vita tu.

Damu, na mambo ya chumbani

*The Rats* ndicho kikali kuliko vyote. Mapema kabisa kuna mtoto mchanga. Mama mwenye kichanga au mtu aliyefiwa na mtoto asiguse. Smith ana damu nyingi pia, viungo vinakatwa na magando, lakini kwa kuwa kaa wenyewe hawaaminiki, damu yao haikai moyoni. Ana mapenzi ya waziwazi yaliyochomekwa katikati ya mapigano, kwa hiyo si kitabu cha kumwachia mtoto wa shule ya msingi kwa kuwa tu kina picha ya kaa.

*Jaws* ina damu kidogo kuliko watu wanavyotarajia, na aliyeona filamu atashtushwa na kitu kingine: usaliti wa ndoa unachukua sehemu nzima ya kitabu. Wapo waliokerwa nao. Mimi naona umeirefusha hadithi katikati, pale ambapo papa anasahaulika.

*Cujo* ina maumivu badala ya damu. Joto, kiu, mtoto anayelia, mama anayehesabu hatua kutoka kwenye gari hadi mlango wa nyumba. Mwisho wake haufanani na wa filamu, na nimeishia hapo.

Lugha na unene

Smith ndiye mwepesi kabisa: kitabu chembamba, sentensi fupi, unakimaliza kwa siku. Herbert anafuata, mwepesi pia, ingawa msamiati wa mitaa ya London utakusumbua hapa na pale. Benchley ana maneno mengi ya uvuvi na boti, lakini aliyekulia pwani atayakisia, kwa sababu kamba, ndoana na chambo ni vilevile. King ndiye mgumu. *Cujo* hakijagawanywa katika sura, kinakwenda moja kwa moja tangu mwanzo hadi mwisho, kimejaa majina ya bidhaa na matangazo ya Marekani ya wakati ule, na kinaanza na habari za muuaji wa kale wa mji huo ambazo kwa mgeni hazieleweki haraka. Vumilia kurasa 50 za kwanza.

Kipi kinakufaa

Kama hujawahi kumaliza riwaya ya Kiingereza na unataka ushindi wa kwanza, chukua kaa. Panda nacho basi la alfajiri kutoka Mtwara kwenda Dar. Ukianza Mnazi Mmoja ya Lindi, ukifika daraja la Mkapa pale Rufiji utakuwa kwenye mapambano ya mwisho. Kitamfaa pia anayependa kutishwa na kulala vizuri usiku huohuo.

Kama wewe ni diwani, mtendaji, kiongozi wa chama cha ushirika, au mtu yeyote ambaye siku moja ataletewa habari mbaya wakati mbaya, chukua papa. Ukikerwa na sehemu ya katikati, ruka, urudi pale boti inapotoka bandarini.

Kama una moyo mgumu na unataka kuona hasira ya mtu aliyetoka mtaa uliosahauliwa, chukua panya. Soma mchana. Na kama panya kwenu ni kitoweo, utakisoma kwa namna ambayo mwandishi hakuiwaza, jambo ambalo mimi nimelifurahia kuliko alilolikusudia.

Kama Kiingereza chako kimekaa sawa na unataka kitabu kitakachobaki nawe miaka, chukua mbwa. Mzazi wa mtoto mdogo ajipime kwanza. Mwenye mbwa ampeleke mbwa kuchanjwa kwanza, kisha asome.

Imebaki hali moja, na mpwa wangu aliiuliza kabla hajakata simu, kwa kuwa rafiki yake wa chumba anatoka kijiji ambacho simba walipita. Kuna nyumba huku kwetu zenye mtu aliyechukuliwa shambani, au mtoni Ruvuma na mamba. Wa nyumba hizo wasipewe panya wala mbwa. Viwili hivyo viko karibu mno na ukweli wa mwili wa mtu. Kaa anaweza kusomwa hata na aliyefiwa, kwa kuwa hafanani na chochote kilichotokea. Papa inategemea mtu: nimemfahamu mama mmoja aliyekisoma miaka mingi baada ya msiba wake, akaniambia alichokitafuta mle kilikuwa ni kule kuona kwamba samaki yule hakutumwa na mtu.

Mpwa wangu alinunua kaa, na papa akamwomba muuzaji amwekee hadi mwisho wa mwezi.